Mbio za Daraja la Wananchi

Wanaosema hakuna nchi iitwayo Nderemo hawajawahi kukamatwa huko. Siwalaumu. Ramani nyingi huiruka, na waliofanikiwa kutoka hawapendi kuitaja wakiwa wamekaa karibu na dirisha. Lakini ipo. Ina bendera, ina wimbo wa taifa wenye beti kumi na nne, na ina katiba ya kurasa mia mbili na kumi ambayo zamani ilikuwa kitabu cha kanuni za mashindano ya vigari.

Ilikuwaje? Mtawala wa nchi hiyo, ambaye hupenda kuitwa Mlezi Mkuu, alikwenda ng'ambo kung'olewa jino. Huko akaviona vigari vya mbio: vidogo, havina paa wala mlango, dereva anakaa kimo cha kiganja kutoka ardhini, na injini inamngurumia ubavuni kama mbwa aliyefungwa. Akavipenda hadi akasahau jino. Akarudi na vigari kumi na viwili, kofia ngumu ya dhahabu, na kitabu cha kanuni. Kitabu alikisoma ukurasa wa kwanza tu, ambao ni ukurasa mmoja zaidi ya alizowahi kusoma katika katiba ya zamani.

Ukurasa huo ulisema: *Kisichotajwa kuwa kinaruhusiwa, kimekatazwa.*

Waundaji wa vigari waliweka sentensi hiyo kwa nia njema kabisa. Mafundi ni watu wajanja, ukiwaachia watachonga injini mpaka ipae. Kwa hiyo kanuni haikuorodheshei makosa, inakuorodheshea ruhusa. Umeambiwa unaweza kubadili plagi, badili plagi. Hukuambiwa kitu kuhusu pistoni, usiiguse.

"Ndugu wananchi," Mlezi Mkuu alisema redioni, na sauti ilimtetemeka kwa furaha, "miaka ishirini nimehangaika kuwatungia makosa. Mnayamaliza! Natunga hili, mnazua lile. Kumbe nilikuwa natunga upande usio wake."

Bunge lilipitisha katiba mpya siku hiyohiyo, kwa makofi ya dakika arobaini ambayo wabunge waliyapiga wamesimama, kwa sababu kukaa hakukuwa kumetajwa.

Yaliyofuata nayakumbuka kana kwamba ni jana, maana wengine tunakumbuka kwa ukaidi. Kupiga chafya kulisahauliwa. Siku tisa nchi nzima ilijibana pua. Mzee mmoja alipasuka mshipa wa jicho kwenye foleni ya mkaa, na muuza magazeti mmoja akala miezi minne kwa chafya ambayo mashahidi walieleza kuwa ni ndogo. Siku ya kumi ukatoka waraka: chafya zinaruhusiwa, zisizidi mbili, uso ukiwa umeelekea mbali na picha ya Mlezi. Watu wakacheza ngoma barabarani kwa shukrani. Kisha wakakamatwa kwa kucheza ngoma.

Kwa namna hii magereza yalijaa haraka. Na Mlezi Mkuu, ambaye hakuna anayeweza kusema hana huruma, akaanzisha Zawadi ya Taifa. Kila mwaka, Siku ya Mlezi, yangefanyika mashindano ya vigari, na mshindi wa kila daraja angekabidhiwa mfungwa mmoja amtakaye.

*

Madaraja yalikuwa matatu. Daraja la Kwanza lilikuwa la Mlezi Mkuu, na mshindani wake alikuwa saa ya ukutani. Daraja la Pili lilikuwa la mawaziri na wapwa wao. Daraja la Wananchi lilikuwa la kila mwenye mtu wake ndani. Injini za madaraja ya juu zilivuta hewa kwa uhuru. Za wananchi ziliwekewa kibati kwenye mdomo wa kabureta, chenye kitobo cha kupitisha punje ya mchele, ili injini ipumue kwa adabu.

Msimamizi wa hayo yote alikuwa Mhandisi Fulgence Mbwilo, Mkaguzi Mkuu wa Madaraja. Uhandisi alipewa siku ya kuapishwa, pamoja na miwani. Hakuwahi kufungua injini, lakini alijua kuizunguka huku mikono ikiwa nyuma, na kila baada ya mzunguko kusema, "Aaah." Hiyo *aaah* yake imefunga watu wengi.

Sasa kulikuwa na mtu mmoja nchini aliyezijua injini kwelikweli, na kwa hiyo alikuwa gerezani. Huyu ni Mwalimu Mkomwa, aliyefundisha umakanika shule ya ufundi kwa miaka thelathini. Siku vigari vilipozinduliwa, walimwita akitie sahihi kigari cha Mlezi Mkuu. Walitaka sahihi tu. Yeye akafungua mkoba, akatoa kipimo, akapiga goti.

"Mheshimiwa," alisema alipoinuka, "daraja lako ni ujazo wa mia moja ishirini na tano. Injini hii ni mia mbili na kumi."

Mlezi akacheka. Mawaziri wakacheka. Mwalimu naye akacheka kidogo, kwa heshima ya wenyeji, na nasikia hicho ndicho kicheko chake cha mwisho hadharani. Hati ya mashtaka ilisema: kupima.

Alimwacha binti mmoja, Zaituni, mwembamba kama ufito, fundi wa gari la wagonjwa la zahanati ya mtaani kwao. Zaituni alijiandikisha katika Daraja la Wananchi mwaka uleule. Hakutaka kikombe. Alimtaka baba yake, na alitaka arudi akiwa bado ana meno ya kutafunia.

*

Mwaka wa kwanza injini ziligawiwa kwa kura. Ofisi ya Mbwilo ilizifunga kwa waya na lakiri, zikatiwa kwenye kapu, na kila mshindani akavuta namba. Zaituni alivuta namba saba. Alipoivuta kamba ya kuiwasha, ikatoa sauti ya mtu anayetafuna changarawe. Ilikuwa na mchanga ndani. Zote za wananchi zilikuwa na mchanga ndani.

Plagi iliruhusiwa kubadilishwa. Basi akatoa plagi, akamimina mafuta ya taa kwenye kile kishimo chake, akaigeuza injini kichwa chini, akasukutua, akamwaga. Akarudia mara thelathini. Lakiri hazikuguswa.

Akashinda kwa mizunguko miwili. Nyuma yake, mbali, alikuja Dastan Kiloko, mkwe wa Waziri wa Furaha, mtu wa kilo mia na kumi na nane. Dastan alikuwa amehamia Daraja la Wananchi kwa sababu katika Daraja la Pili walikuwa wanamshinda. Hakuwa na ndugu yeyote gerezani.

Mbwilo aliizunguka injini namba saba. "Aaah," alisema. Akatia kidole kwenye kishimo cha plagi, akakitazama. "Mchanga uko wapi?"

"Mchanga gani, Mhandisi?"

"Usinihoji, dada. Kanuni ya kumi na nne: injini itabaki kama ilivyotoka Ofisini. Ilitoka na mchanga. Mchanga wa serikali. Uko wapi?"

"Nimeuosha. Ulikuwa unakula silinda."

"Umesikia, karani? Andika: ameosha. Kuosha kumetajwa wapi?"

Karani akapekua. Kuosha hakukutajwa. Ushindi akapewa Dastan, ambaye alitembezwa gerezani mstari kwa mstari, akichagua kama mtu aliye sokoni. Aliuliza nani anajua kupika pilau. Aliyeinua mkono wa kwanza alitoka, na hadi leo yuko jikoni kwa Dastan. Aliyechelewa kuinua mkono alikuwa na watoto watano pale uzioni, wameshika picha yake.

*

Mwaka wa pili Zaituni aliuacha mchanga ulipo. Akaendesha kwa namna ambayo injini mbovu inataka kuendeshwa: hakufunga breki kabisa kwenye kona, maana angeipoteza kasi asingeirudisha tena.

Tatizo lilikuwa uzito. Kanuni ilisema kigari na dereva wake visipungue kilo mia na hamsini, ili wepesi wasiwaonee wazito. Hilo ni jambo la haki na lipo kila mahali wanaposhindana. Kigari kilikuwa na kilo sabini na tano. Zaituni, katika nchi ambayo mkate uliuzwa kwa kipande, alikuwa na arobaini na sita. Kilo ishirini na tisa zilizobaki alizijaza kwa risasi, ile metali nzito, vipande vipande chini ya kiti, vimekazwa kwa bolti. Kanuni iliruhusu. Alikuwa ameisoma mpaka kurasa zikalegea.

Akashinda tena. Kwenye mzani namba ikasimama: mia na hamsini kamili. Uwanja mzima ukashangilia, kwa kipimo kilichoruhusiwa.

Mbwilo hakusema *aaah*. Alitoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Toleo jipya," alisema. "Limeanza kutumika asubuhi hii, ulipokuwa unavaa kofia. Kanuni ya hamsini na tatu: *Uzito utakuwa ama wa dereva mwenyewe ama wa kigari chenyewe. Risasi, mawe, na vitu vya kukopa havitahesabiwa.*"

"Mlibadilisha asubuhi?"

"Taifa haliwezi kuahirisha maendeleo kwa sababu wewe unavaa kofia."

"Mimi nina kilo arobaini na sita, Mhandisi. Nitapata wapi nyingine?"

"Kula, dada yangu. Kula kumetajwa." Akamwonyesha kwa kidole Dastan, aliyekuwa anashushwa kigarini na watu watatu. "Tazama mwenzako alivyojiandaa kwa ajili ya taifa lake."

Dastan mwaka huo alichukua mtunza bustani.

Zaituni aliiomba ile karatasi, akaenda nayo nyumbani. Aliisoma akiwa amesimama. Kisha akakaa. Kitu kilichomkalisha si kanuni yenyewe, bali nukta na mkato. Ofisi ya Mbwilo haikuwa na mtu hata mmoja anayejua mkato unakaa wapi. Nyaraka zao zote zilikuwa sentensi moja ndefu kama msafara wa rais. Karatasi hii ilikuwa imeandikwa na mtu aliyewahi kusimama mbele ya ubao.

Alikuwa hajakosea. Siku hizi serikali yenyewe imekiri, kwa hiyo naweza kueleza. Mbwilo alihitaji kanuni na hakujua injini. Gerezani kulikuwa na mtu anayejua. Basi kila msimu walimpelekea Mwalimu Mkomwa karatasi: *Kuna mshindani anaongeza risasi. Mzuie.* Hawakumwambia mshindani ni nani. Kwa kila kanuni walimpa kijiko cha sukari na nusu saa juani. Naye alikuwa fundi, jamani. Fundi ukimletea kazi, hata akiwa na minyororo, mkono unaona aibu kuifanya vibaya. Aliziandika vizuri. Binti yake alikwama kwenye kanuni zilizonyooka kama rula, na baba yake akalamba sukari.

Kuna mlinzi mmoja mstaafu anasema kwamba baada ya mbio za pili Mwalimu aliletewa karatasi nyingine: *Mwanamke yule wa risasi ameshindwa, lakini anaweza kurudi. Ana kilo arobaini na sita. Ni fundi wa gari la wagonjwa.* Mwalimu aliisoma, akaomba maji. Sukari ya siku hiyo hakuila.

*

Toleo la mwaka wa tatu lilikuwa na kanuni mia moja na sita. Lilikuwa kamilifu kiasi kwamba Mlezi Mkuu alitaka lichapwe kwa jalada la ngozi. Kila njia ilizibwa: mafuta, matairi, kofia, urefu wa kucha.

Zaituni alilisoma kwa wiki sita. Akafika kanuni ya themanini na nane, inayohusu kupaka grisi mnyororo, mahali ambapo hata mwenye hamu kubwa ya kujua huwa ameshasinzia. Ilisema: *Mnyororo uliochakaa unaruhusiwa kubadilishwa, pamoja na vyote vinavyoshikana nao.* Na chini yake, peke yake, bila namba, kulikuwa na maneno mawili: *Soma tena.*

Maneno hayo Mwalimu Mkomwa aliyaandika kwa wino mwekundu chini ya kila daftari la kila mwanafunzi, kwa miaka thelathini. Wachapaji wa Ofisi waliyaona. Lakini wachapaji waliruhusiwa kuchapa, hawakuruhusiwa kusoma, kwa hiyo waliyachapa.

Zaituni akasoma tena. Mnyororo unashikana na gia ya nyuma. Gia inashikana na ekseli. Upande wa pili mnyororo unashikana na nini?

Unashikana na injini.

Uani mwa zahanati, gari la wagonjwa lilikuwa limekaa juu ya matofali mwaka wa tatu, kwa sababu petroli ya wagonjwa haikutajwa. Zaituni aliishusha injini yake. Ilikuwa na silinda nne na kilo tisini. Akaifunga kwenye kigari ubavuni, akatengeneza vishikio, akajaribu kukaa: goti moja likawa kifuani na jingine nje. Ile ndogo ya mchanga ikatoka, na kibati cha mdomoni kikaondoka pamoja na mwenzake. Uzito nao ukajimaliza wenyewe, maana sasa kigari chenyewe kilikuwa kizito kuliko kanuni na hakikuwa na risasi hata ya kuzamishia chambo.

*

Siku ya Mlezi, saa nane mchana, bendera iliposhushwa, Dastan alitoka mbele. Kwenye mzunguko wa pili watu wa jukwaa la juu wakainuka kwa hofu, maana walisikia gari la wagonjwa linakuja na kila mmoja akadhani ni lake.

Zaituni hakumpita Dastan. Ni kama alimpitia juu. Alimaliza mizunguko ishirini wenzake wakiwa kwenye wa kumi na moja, na alipofunga breki hazikushika, akaenda kusimama kwenye uzio.

Mbwilo alikuja mbio, jambo ambalo nadhani halikutajwa.

"Hii ni nini? Hii ni nini, wewe mwanamke?"

"Ni kitu kinachoshikana na mnyororo, Mhandisi. Themanini na nane."

"Themanini na nane ni grisi!"

"Soma tena," alisema Zaituni.

Mbwilo akasoma. Akamwita karani, karani akasoma. Wakamwita Jaji Mkuu, aliyekuwa anakula karanga, naye akasoma akitafuna polepole zaidi na zaidi. Wakafungua injini vipande mia nne, wakavipanga juu ya turubai, wakavihesabu. Wakaweka kigari mzanini. Wakampima kucha. Hapakuwa na kitu. Kwa mara ya kwanza tangu katiba ile ianze, mtu wa Nderemo alikuwa amefanya jambo linaloruhusiwa.

Sasa, kwenye gereza, ambalo liko ng'ambo ya barabara tu, redio ya walinzi ilikuwa imefunguliwa. Lakini Mwalimu Mkomwa hakuhitaji redio. Saa nane na dakika kumi alikuwa ameshika kikombe cha chai. Injini ya silinda nne ikapita upepo ukiwa upande wake. Mwalimu akainua uso. Akaweka kikombe chini, akasimama, akasema kwa sauti ya darasani:

"Ameelewa huyo."

Mlinzi wa zamu alikuwa kijana mwadilifu. Kanuni zilimtaka aandike kila kitu mfungwa asemacho, akaandika. Kanuni zilimtaka apeleke, akapeleka. Saa tisa kasoro dakika kumi karatasi ikafika mkononi mwa Mbwilo. Mbwilo hakujua injini, lakini jambo la namna hiyo alilielewa mara moja. Akainama kwenye sikio la Mlezi Mkuu. Walizungumza kwa muda mfupi tu, maana hapakuwa na mengi ya kuzungumza.

Kisha Mlezi Mkuu akakamata kipaza sauti.

"Wananchi! Leo ni siku kubwa kwa sheria. Wapo maadui wanaosema kanuni zetu zina upendeleo. Huyu hapa binti wa maskini, ameshinda, na serikali yangu inasimama mbele yenu kusema: ameshinda. Waambie, binti! Unamtaka nani?"

"Namtaka baba yangu, Mheshimiwa. Mwalimu Mkomwa."

"Apewe!" alisema Mlezi, na machozi yalimtoka. Watu walioshuhudia husema yalikuwa ya kweli. "Apewe sasa hivi, mbele ya macho ya dunia!"

Lango la gereza likafunguliwa. Alikuja juu ya toroli ile ya kubebea vigari vilivyoharibika, amefunikwa bendera ya mashindano, ile ya miraba. Walimvusha barabara taratibu, kwa sababu toroli ilikuwa na gurudumu moja bovu. Viatu vilikuwa nje ya bendera. Zaituni alitembea kuelekea pale, si kwa haraka. Alipofika akazifunga kamba za viatu, zilikuwa zimelegea. Miguu ilikuwa bado na joto.

"Nusu saa iliyopita," alisema bila kuinua kichwa, "alikuwa hai."

"Hilo hatulikatai," alisema Mbwilo kwa upole. Alifungua kitabu cha jalada la ngozi. "Ila Zawadi inasema hivi: mshindi atakabidhiwa *mfungwa mmoja*. Basi. Kuwa hai hakukutajwa, dada yangu. Na unajua katiba inavyosema juu ya kisichotajwa. Tungekukabidhi mzima tungevunja sheria, na wewe ungepokonywa ushindi. Tumekulinda." Akamsogezea mzani. Kila kinachotoka uwanjani hupimwa. "Kilo thelathini na tisa. Tia sahihi hapa. Hongera sana."

Alitia sahihi. Bendi ikapigwa. Dastan, ambaye hakuambulia mtu mwaka ule, alilalamika kwamba alikuwa ameshamwahidi mkewe dereva.

*

Mnaweza kudhani hadithi imeishia makaburini. Nderemo hawana ubaya mdogo kiasi hicho.

Baada ya arobaini Mbwilo alikwenda nyumbani kwa Zaituni na barua. Nafasi ya Mwandishi wa Kanuni ilikuwa wazi, na nchi nzima ilikuwa imebakiwa na mtu mmoja tu anayejua injini. Barua ilisema atapewa meza, kiti, na sukari kilo nzima kwa mwezi. Ilisema pia, katika aya ya mwisho, kwamba akikataa, kukataa hakukutajwa.

Zaituni akakubali.

Mtaani walimwelewa, au walijidai kumwelewa. Walikonyezana. Baba aliacha mwanya, binti ataacha milango. Kitabu cha toleo la nne kilipotoka, familia mia tatu zenye watu wao ndani zilikinunua, wengine kwa kuuza kitanda. Walikisoma kwa zamu, baba akichoka anapokea mama. Walisoma grisi. Walisoma kucha. Walikisoma kutoka nyuma kwenda mbele. Walitafuta *soma tena* mpaka kwenye jina la mpiga chapa.

Bi. Nyamizi, muuza maandazi wa kona ya zahanati, mwenye mtoto wa kiume gerezani kwa kosa la kupiga mluzi, alikimaliza mara nne. Asubuhi moja akamkabili Zaituni akipita kwenda kazini.

"Mwanangu, sisi wengine macho yameisha. Niambie tu ukurasa. Umetuachia wapi?"

"Sikuacha, mama."

"Hapa hakuna mtu, sema."

"Sikuacha. Baba aliacha, mkaona alivyotoka. Mimi siwezi kumtoa mwanao namna ile."

Mafuta yalikuwa yanachemka. Mteja akaomba maandazi mawili, na karatasi za kufungia zilikuwa zimekwisha. Bi. Nyamizi akakichukua kitabu cha toleo la nne, akachana ukurasa wa kwanza, ule wenye sentensi maarufu, akafungia maandazi, akampa mteja. Akachana wa pili.

"Mama, unafanya nini?" Zaituni alinong'ona. "Hiyo ni katiba."

"Inanyonya mafuta vizuri," alisema Bi. Nyamizi. "Nani anafuata?"

Walimkamata Jumatano, akiwa amefika kanuni ya arobaini. Wakamweka kwenye chumba kilichokuwa wazi, na kwa kuwa gereza limejaa kilikuwa kimoja tu, nacho kiko ukuta kwa ukuta na cha mwanawe. Nasikia wanazungumza kutwa. Anamuuliza kama anakula, naye anamjibu kwa mluzi. Katika miaka yote ya Zawadi ya Taifa, ni mama wa kwanza kumfikia mtu wake akiwa hai, na hakupanda kigari.

Habari hizo zikatoka nje, kama habari zinavyotoka. Ijumaa kwenye kona ya zahanati kulikuwa na akina mama wawili wenye karai za moto. Jumatatu nilihesabu kumi na saba, wengine hata hawajui kukanda unga, maandazi yao magumu kama bolti, na kila mmoja ana kitabu cha ngozi pembeni anachana. Foleni ilikuwa ndefu. Watu walikula huku wakisoma, kisha wakakunja karatasi na kuifutia midomo.

Mhandisi Mbwilo aliandika barua ya dharura kwa Mwandishi wa Kanuni, atunge haraka kanuni ya kuzuia maandazi. Zaituni alijibu siku hiyohiyo, kwa mstari mmoja wenye mkato mahali pake:

*Kanuni ipo tayari, Mhandisi. Kinachopungua ni vyumba.*